Mama Clémentine Kabulo na Udongo Usiopenda Kupigwa

Leo, tarehe 31 Machi, Mama Clémentine Kabulo anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika labo, yaani maabara, ya udongo ya Ofisi yetu ya Njia na Kingo, hapa Kalemie. Mimi, Germain, niliyekaa naye katika labo hiyo kwenye meza ya pili, ile ya karibu na dirisha bovu, nimeombwa niandike wasifu wake kwa ajili ya karatasi hii ya sherehe. Nimekubali kwa heshima kubwa na kwa hofu kubwa zaidi. Heshima mnaielewa wenyewe. Hofu ni kwa sababu kuanzia kesho ufunguo wa labo unakuwa wangu, na mteremko wa Kavuma, unaosimama juu ya nyumba za Kambi ya Chini, umefanya ufa mpya tangu wiki iliyopita. Mvua bado zinanyesha. Sipendi kuanza sherehe kwa habari kama hiyo, lakini nikiificha mstaafu mwenyewe atanikemea mbele yenu.

Mwaliko uliwaomba mje na watoto wote, wazee wote na magodoro. Najua mmecheka sana. Nimemsikia Papa Lambert, jirani yetu wa mtaa wa pili wa Kambi ya Chini, akiuliza kama siku hizi mstaafu anazawadiwa vitanda vya watu. Vumilieni kidogo, tutafika huko.

Mama Clémentine ni mtoto wa Kongolo. Baba yake alikuwa fundi wa reli, na mama yake alifinyanga vyungu kwa udongo wa Lualaba, vyungu vizito ambavyo nusu ya mji ilipikia. Alisoma kwa masista, akaenda Lubumbashi chuo kikuu, na huko akachagua somo ambalo hata wenzake wa darasa walimuonea huruma: reolojia, yaani elimu ya jinsi vitu vinavyotiririka na kubadilika umbo. Maji yanatiririka na jiwe linakaa, hayo kila mtu anayajua. Yeye alisomea vile ambavyo havijaamua: lami, saruji mbichi, matope, mawese, bukari, yaani ugali wetu, ambayo haijaiva. Alipofika Kalemie na sanduku lake na chungu kimoja cha mama yake, mkurugenzi wa wakati ule hakujua ampeleke wapi, akampa stoo ya lami. Akakaa na mapipa mwaka mzima. Ule mwaka ndio lami ya barabara ya bandarini ilipoacha kuyeyuka mchana na kuganda kwenye viatu vya wachuuzi, kwa sababu aliikoroga upya mpaka akapata kipimo chake.

Kila mfanyakazi mpya alipita mbele ya mabeseni yake mawili. La kwanza lilikuwa na wanga wa muhogo uliochanganywa na maji, mzito kama uji. Unaambiwa uupige ngumi. Unaupiga, na ngumi yako inagonga kama umepiga ubao. Kisha unaambiwa uingize kidole pole pole, na kidole kinazama mpaka chini. La pili lilikuwa na udongo wa Kavuma, umekaa kimya, mgumu, na juu yake ameweka nyundo. Nyundo haizami. Halafu anagonga ukingo wa beseni kwa kijiko, tena na tena, na mbele ya macho yako ule udongo unalegea, unang'aa, unageuka mchuzi, na nyundo inakwenda. Jioni unaukuta umekuwa mgumu tena na nyundo iko ndani. Nadhani labo imepoteza nyundo nyingi kuliko karakana.

Alitufundisha hivyo kwamba vitu havifuati tabia moja. Kuna kinachokaza ukikipiga na kuna kinacholegea ukikipiga, na kwa macho huwezi kuvitofautisha. Baadhi ya wafanyakazi walidhani ni mchezo wa kuchekesha wageni. Na yeye alipenda tucheke. Ila alikuwa akitazama nani amecheka na nani amerudisha mkono nyuma.

Kuhusu safari ya Pepa, Dédé dereva wetu ameniomba niseme ukweli, kwa hiyo nausema. Tulikwenda kule juu Marungu kupima barabara ya ng'ombe, baridi ya kukata masikio, na asubuhi mawese yetu ya kupikia yalikuwa yameganda ndani ya bidoni, dumu la plastiki, kama sabuni. Dédé akaiweka bidoni karibu na moto, bidoni ikayeyuka kabla ya mawese, na chakula cha safari nzima kikaingia majivuni. Bidoni ya pili Mama Clémentine aliichukua akalala nayo chini ya blanketi. Tulikula vizuri. Mpaka leo Dédé anamwita mume wa Mama Clémentine kwa jina la Papa Bidoni, na mzee yule, Mungu ambariki, anaitika.

Lakini kitu kilichomfanya ajulikane ofisi nzima ni uoga. Tuseme wazi, maana yeye mwenyewe anausema. Kanisani anakaa karibu na mlango. Hapandi mtumbwi ziwa likiwa limechafuka hata kidogo. Hasimami chini ya ukuta ambao hajui nani aliujenga. Vijana walimwita Mama Naogopa, na jibu lake lilikuwa lile lile: "Ndiyo, mie naogopa. Njo maana niko muzima." Siku niliyokuja kuomba kazi hakuniuliza habari za diploma. Aliniuliza: "Weye, Germain, unaogopa nini?" Nikasema naogopa mbwa na radi. Akaniambia nirudi Jumatatu nianze.

Sasa nifike kwenye siku ya dama, ambayo wengi mliokuwepo hampendi kuisikia.

Kwa wageni wetu: dama ni lile gogo zito lenye bamba la chuma chini na mikono miwili, ambalo ekipe ya njia, kikosi chetu cha barabara, inainua kwa pamoja na kuangusha kwa pamoja ili kushindilia ardhi. Hapa kwetu ardhi ikilegea tunaipiga. Ndivyo baba zetu walivyoweka reli, ndivyo tulivyotengeneza uwanja wa mpira, sakafu za nyumba na makaburi ya wazee wetu. Tena ni heshima yetu ya kuagana. Mtu wa ofisi akistaafu, ekipe inajipanga mstari na kumpigia dama, kishindo kimoja kwa kila mwaka aliofanya kazi, na watoto wanahesabu kwa sauti. Papa Ruphin, mkuu wa ekipe, alimwona baba yake akipigiwa dama, yeye akiwa mtoto wa kubebwa mabegani, na anasema hiyo ndiyo siku aliyoamua kufanya kazi ya njia.

Aprili ya miaka mitatu iliyopita, Mama Clémentine alikuwa Kongolo kumzika mama yake. Mvua kubwa ikanyesha, na ufa ukatokea kwenye tuta lililo mguuni pa Kavuma, juu kabisa ya nyumba za Kambi ya Chini. Papa Ruphin hakungoja mtu. Aliita ekipe, dama tisa zikapanda, wimbo ukaanza. Wamama wa kambi nao wakaona haifai wanaume wafanye kazi peke yao, wakapanda na michi ya kutwangia. Hakuna aliyefanya kwa ubaya. Walitaka Mama arudi kutoka kwenye msiba akute kazi imekwisha.

Mimi na Dédé tulikuwa tumekwenda kumpokea kwenye gari moshi. Tulipokuwa tunarudi, dirisha la gari likiwa wazi, akakisikia kile kishindo kutoka mbali, na nikamwona anageuka rangi. Akamwambia Dédé: "Zima motere. Tunatembea." Akavua viatu. Nilitaka kukimbia, akanishika mkono.

Tulipofika juu kila mtu alikuwa na furaha. Ufa ulikuwa umejifunga. Tuta lilikuwa laini na linang'aa, zuri kutazama. Mama Clémentine aliinama akaweka kiganja chini, na mimi nikaweka changu kando yake. Kila dama iliposhuka, ardhi iliendelea kutikisika baada ya kishindo kwisha, kama bukari iliyokosa unga. Maji yalikuwa yanatoka kama jasho juu ya udongo. Basi akaenda mpaka kwa Papa Ruphin, akaikumbatia dama yake ikiwa hewani.

"Papa Ruphin, apana tena. Huu udongo mukiupiga unageuka maji."

"Mama, pole na msiba. Lakini angalia, ufa umejifunga."

"Haujajifunga. Umeyeyuka. Muko mumesimama juu ya muchuzi."

Papa Ruphin alikumbuka beseni. Niliona amekumbuka, kwa sababu nyundo ya kwanza kuzama mle ilikuwa yake. Akaanza kugeuka awapigie watu kelele, na Mama akamfunika mdomo kwa mkono wake, mbele ya ekipe nzima. Akasema kwa sauti ya kawaida: "Muweke chini pole pole, kama mutoto amelala. Muvue viatu. Mutoke kwa pembeni, mumoja mumoja. Hakuna kukimbia." Ngoma za kwaya zilikuwa zinapigwa kanisani pale chini, na Noëlla wa kwaya, ambaye alikuwa na mchi mkononi, alishuka kwa kando kuzinyamazisha. Watu walitoka nyumbani na watoto mgongoni. Hakuna aliyelia. Nilikuwa nasikia maji yakidondoka mahali ambapo sikuyaona.

Halafu Kavuma ikashuka. Ningependa kuwaambia kwamba ilinguruma; ingenguruma, ningeogopa kidogo zaidi siku ile na kidogo pungufu siku zilizofuata. Haikunguruma. Tuta lilijilaza, likatembea. Lilichukua migomba, vyoo, na jiko la Papa Ruphin na sufuria ikiwa bado motoni, likafika karibu na bomba la maji, likasimama. Hakufa mtu. Baada ya siku chache lile tope lilikuwa limekaza kabisa, ng'ombe wanapita juu yake, na dama zetu tisa ziko ndani mpaka leo.

Tangu hapo Mama Clémentine alifanya kazi ambayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko zote, ingawa haina picha nzuri ya kubandika ukutani. Alichimbisha mifereji ya kuondoa maji Kavuma, kwa majembe ya mkono, bila mashine, watu wakifanya kazi bila viatu. Alizuia malori barabara ya juu. Alipanda nyasi. Alisimamisha vijiti katika mstari mmoja kukata mteremko wote, na kila asubuhi alivitazama kama vimenyooka. Watoto wa kambi wanaviita vijiti vya Mama na hawavigusi hata mpira ukiangukia huko. Tena akaomba apewe nyumba ya kwanza ya Kambi ya Chini, ile iliyobaki karibu na jiko lililozama, akahamia na Papa Bidoni wake. Mwoga yule anayekaa karibu na mlango wa kanisa akaenda kulala chini ya Kavuma. Nilimuuliza kwa nini. Akasema: "Mie njo ninayewaambia watu kama wanaweza kulala. Nitasemaje nikiwa nalala mbali?"

Wiki iliyopita vijiti vya katikati vimetoka kwenye mstari. Nilikwenda mwenyewe kuchukua udongo, nikaujaza kwenye beseni, nikaweka nyundo. Zamani ilikuwa ni lazima ugonge mpaka uchoke. Safari hii niligonga mara tatu, nyundo ikazama. Mama Clémentine alikuja akatazama, akavaa koti lake, na tukaenda nyumba kwa nyumba kuwaomba watu watoke mpaka mvua zipungue.

Mnajua mlivyotujibu. Papa Lambert alisema: "Nikitoka, kesho nitakuta mwengine amelala mu chumba yangu." Mama Bijou, wa kambi hiyo hiyo, alisema: "Mwaka jana mulitutoa, mvua ikapita bure, na kuku zangu zikaibiwa. Mimi sitoki tena." Siwalaumu. Mwaka jana kweli tuliwatoa, kweli hakikutokea kitu, na kuku kweli waliibiwa. Mtu aliyeogopeshwa mara moja bila sababu anachoka na woga. Mimi nilirudi labo nimekata tamaa. Niliwaza siku ya kesho, mimi peke yangu na ule ufunguo, nikiwaita watu ambao hawataki kunisikia.

Mama Clémentine hakukata tamaa. Alikuwa amekaa mbele ya lile beseni la wanga, anaingiza kidole na kukitoa, pole pole. Halafu akaniuliza: "Germain, ile pesa ya kuninunulia kiti, imekwisha kutumika?" Alizungumzia kiti cha kupumzikia ambacho wafanyakazi tulikuwa tumemchangia kwa siri, na ambacho bila shaka alikijua tangu siku ya kwanza. Nikasema bado. Akasema: "Muzuri. Mununue mbuzi kwa pesa ya hicho kiti." Nikadhani uchovu umemzidi. Ndipo akanieleza: "Kwa woga hawatatoka. Kwa nyama watatoka, na watoto wao, na mimi nitawaomba magodoro."

Basi ndugu zangu, inueni macho mtazame mlipokaa. Hii shule imejengwa juu ya jiwe, ng'ambo ya barabara, mbali na Kavuma. Ninyi nyote wa Kambi ya Chini mko hapa. Mzee Alphonse, ambaye haondoki kitandani, ameletwa na Papa Ruphin akiwa juu ya kiti, na anasema hajawahi kupelekwa sherehe kwa fahari namna hiyo. Kuku wa Mama Bijou wako darasa la kwanza, na Dédé amekabidhiwa ufunguo wa darasa. Vijana wa ekipe wanalinda njia zote za kuingia kambini, wamesimama mahali pa usalama, na hapiti mtu. Mkurugenzi atasimama baada ya chakula aseme mbele ya wote, Papa Lambert akiwa mstari wa mbele, kwamba hakuna nyumba itakayopewa mtu mwingine. Kwa hiyo ndiyo, mmedanganywa kidogo. Mkitaka kukasirika, kasirikeni mkiwa mmekaa, na mbuzi yuko tayari, na samaki wa ziwa, mikebuka, na bukari iliyoiva.

Zawadi moja tu ndiyo mstaafu wetu anaiomba: leo asishuke mtu. Wala kesho, wala kesho kutwa, mpaka labo iseme. Labo sasa ni mimi. Nawaomba kwa jina lake kwa sababu langu bado halijazoeleka.

Limebaki suala la dama. Papa Ruphin alilia alipoambiwa. Alisema: "Mtu wa namna hii aende bila kishindo hata kimoja? Baba yangu atanicheka mu kaburi." Mama Clémentine alisema huenda kutoka juu ya jiwe hili hakuna hatari yoyote. Huenda. Lakini ardhi hubeba mtikisiko mbali kuliko tunavyodhani, na yeye hataki kuondoka na huenda. Hivyo magodoro yenu, kabla hamjayalalia, yatapangwa hapa uani, na ekipe itainua dama na kuzishusha juu yake, mara thelathini na nne, bila sauti. Watoto watahesabu kwa midomo tu. Ikitokea mkasikia kishindo leo, saa yoyote, hicho si chetu. Msikimbie na msishuke kutazama. Kaeni hapa hapa mlipo na mshikane mikono.

Kwa niaba ya Ofisi, ya ekipe, ya Kambi ya Chini na ya wote waliopoteza nyundo, tunakushukuru, Mama Clémentine. Tunakushukuru kwa barabara isiyonata viatu, kwa kila kijana uliyemfundisha kurudisha mkono nyuma, na kwa kila asubuhi uliyoamka kabla yetu kutazama vijiti. Tunakuombea afya njema, miaka mingi na Papa Bidoni, na safari njema ya Kongolo, kwenye udongo wa mama yako ambao unajua unachotaka.

Leo ni mara ya kwanza tangu siku ya dama utalala mahali pasipo Kavuma juu yako. Sogea mbali na mlango, Mama. Jinyooshe, ufunge macho. Kuogopa, sasa tutaogopa sisi.